Mgeni wa Chungu cha Kiwanja

Paukwa!

Pakawa!

Kiwanja?

Kimepatikana.

Nyumba?

Bado haijasimama.

Basi sogeeni karibu, tuisimamishe.

Hapo zamani, wakati mazimwi walipokuwa wakitembea mchana na kusalimia watu njiani kama jirani yeyote, alikuwako mwanamke kijana jina lake Sikudhani. Mumewe aliitwa Mbelwa. Walikaa kwa mama yake Mbelwa, Bi Mwanjaa, katika kijiji kilichokuwa chini ya milima.

Bi Mwanjaa alikuwa na shamba, alikuwa na mbuzi, na alikuwa na mdomo. Hakutazama kitu asiione ila yake. Ila ni kasoro, msije mkasema sikuwaambia. Ukimpikia ugali alisema, "Umeiva, lakini una madonge." Ukifagia uwanja alisema, "Pamefagiwa, lakini pembeni umewaachia kuku." Ukimwamkia alisema, "Marahaba, lakini sauti yako imekauka. Umekunywa maji leo?"

Basi Sikudhani alichoka. Hakumchukia mavyaa wake, hapana. Alichoka naye tu, kama mtu anavyochoka na mwiba mdogo wa kidoleni, usioonekana na usiotoka.

Siku moja mvua za vuli zilinyesha sana, ukuta wa chumba chao ukaanguka. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Wakahamia jikoni kwa Bi Mwanjaa, wakawa wanalala katikati ya vyungu. Na Sikudhani alikuwa mjamzito, tena tumbo lilikwisha kuwa kubwa.

Akamwambia mumewe, "Mbelwa, mwanangu hatazaliwa kwenye jiko la mtu mwingine. Tukajenge kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kule juu, ukivuka kilima. Ardhi ni tele na haina mtu."

"Masika yako karibu, Sikudhani."

"Ndiyo maana nasema leo, sisemi kesho."

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Mwanamume hukata miti, lakini kiwanja huchagua mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye atakayechota maji, yeye ndiye atakayefagia, yeye ndiye atakayekaa na moshi. Mwanamke hujitwisha mafiga matatu na chungu, akaenda akitazama nchi. Mahali anapopaona panafaa hutua mzigo, akapanga mafiga, akawasha moto na kupika. Hicho huitwa chungu cha kiwanja.

Mtu wa kwanza kupita, asiye wa nyumba hiyo, hukaribishwa. Huzunguka akapaangalia mahali, hukaa akala, kisha husema ila moja ya mahali pale. Hapana mahali pasipo na ila, na mjenzi anatakiwa aijue kabla hajachimba shimo la nguzo. Na mtu yule aliyekula, tangu siku hiyo, mlango wa nyumba ile haufungwi mbele yake.

Bi Mwanjaa aliposikia kwamba wanatoka, alitafuta kanga yake ya safari.

"Nitakuja kuonja chungu," alisema. "Mimi si wa nyumba yenu. Nyumba yangu ni hii. Nafaa."

Sikudhani akasema upesi, "Mama, njia ni ya kupanda, na magoti yanakuuma. Wewe pumzika. Mpitaji hatakosekana."

Bi Mwanjaa akamtazama. "Magoti yananiuma, ni kweli. Macho hayaniumi."

Sikudhani akajifanya hakusikia. Moyoni mwake alisema: leo, angalau leo, nitasimama mahali nilipopachagua mwenyewe bila mtu kuniambia "lakini".

Wakaenda. Mbelwa alibeba shoka na jembe, Sikudhani alibeba mafiga na chungu. Wakapanda mpaka kileleni pa kilima. Kule juu waliona mashamba ya chini yote, waliona mto, waliona moshi wa kijiji walichotoka.

"Hapa!" Sikudhani akasema.

"Pafaa kweli," Mbelwa akasema. "Mgeni akianza safari tu, sisi tunatia maji chunguni."

Sikudhani akacheka, akatua mafiga. Akapika ugali wa mtama na kunde. Upepo uliubamiza moto huku, ukaubamiza huko, ukafunua kifuniko cha chungu, lakini ugali ukaiva.

Mara wakasikia, "Hodi wajenzi!"

Kuna wanaosimulia kwamba aliyefika alikuwa mwanamke. Si kweli. Alikuwa mzee wa kiume, amevaa shuka safi na kofia ya ukindu, na ndevu zake zimechanwa vizuri.

"Karibu babu," Mbelwa akasema. "Shikamoo."

"Marahaba mjukuu. Na wewe bibi, hujambo?"

"Sijambo, babu."

"Na huyo wa ndani," mzee akasema, akiangalia tumbo la Sikudhani, "naye hajambo?"

"Hajambo, anapiga teke tu."

"Vyema, vyema, vyema," mzee akasema.

Hakuzunguka. Hakutazama kilima wala udongo. Alikaa chini palepale, akavuta chungu, akala. Alikula ugali wote, akakomba na chungu. Kisha akajifuta mdomo.

"Pazuri!" akasema. "Pazuri! Pazuri! Jengeni hapa."

Mbelwa akauliza, "Na ila yake, babu?"

"Ila? Mahali kama hapa nitapaonea ila gani? Mkeo ana jicho, kijana. Mwanamke mwenye jicho kama hili sijaona."

Sikudhani akasikia utamu mpaka kwenye nyayo. Mzee alipokwenda zake, Mbelwa alijikuna kichwa.

"Hakusema ila."

"Mambo ya ila ni ya wazee wa kijijini," Sikudhani akasema. "Kama mtu haioni, aibuni?"

Basi wakajenga. Mbelwa akasimamisha nguzo, akafunga fito, akaezeka nyasi upande mmoja. Siku moja upepo ukaja kutoka upande wa pili, ukaingia chini ya paa, ukalinyanyua kama mtu anayevua kofia. Nyasi zote zikashuka bondeni. Walisimama wakiziangalia zikienda.

"Tutajenga tena?" Mbelwa akauliza.

"Hapa? Na maji nichote wapi? Nimeshuka na kupanda mpaka mtoto mwenyewe analalamika." Sikudhani akaokota mafiga yake. "Twende chini."

Wakashuka mpaka ukingoni mwa mto. Pale palikuwa tambarare, udongo mweusi, maji hatua chache tu. Sikudhani akatua mafiga, akapika ugali wa mtama na mlenda. Moshi ulikaa chini, ukawazunguka kama blanketi, lakini ugali ukaiva.

Mara wakasikia, "Hodi wajenzi!"

Alikuwa mzee yuleyule, na shuka yake safi na kofia yake ya ukindu.

"Karibu babu! Tumehama."

"Nimeona. Na huyo wa ndani, hajambo?"

"Hajambo. Amekua."

"Vyema, vyema, vyema."

Hakuzunguka. Hakutazama mto wala nyasi. Alikaa, akavuta chungu, akala ugali wote, akakomba na chungu.

"Pazuri!" akasema. "Pazuri! Pazuri! Jengeni hapa."

"Babu, hata kule juu ulisema pazuri," Mbelwa akasema.

"Kule palikuwa pazuri kwa juu. Hapa ni pazuri kwa chini. Mkeo anajua kuchagua, wewe unajua kuuliza."

Sikudhani akacheka. Mbelwa naye akacheka, lakini kidogo.

Wakajenga. Nguzo zikasimama, fito zikafungwa, na Sikudhani akaanza kukandika udongo ukutani. Siku moja mvua ikanyesha mbali, milimani, wao hata tone hawakuliona. Alfajiri Sikudhani akaamka kwenye kibanda cha nyasi walimolala, akakuta kikapu chake kinaelea. Mto ulikuwa umeingia ndani bila kubisha hodi. Walitoka wakiwa wamebeba chungu, mafiga na jembe, matope yakiwafika magotini, na nyuma yao nguzo zikalala moja baada ya nyingine.

Sikudhani akakaa juu ya mzizi, akalia.

"Turudi kwa mama," Mbelwa akasema.

"Nirudi nikaambiwe 'lakini'? Afadhali nitembee."

Akatembea. Hakutafuta kilele tena, hakutafuta tambarare. Alikwenda taratibu kwenye mteremko, akisimama kila mara, na safari hii alitazama kweli. Akafika mahali ambapo kilima kilifanya kama bega: juu pana mgongo wa kukinga upepo, chini mto uko mbali hauwezi kupanda, na kando ya mawe pana chemchemi inayotoka polepole, maji yake baridi. Akashika udongo, akaufinya. Ulishikamana. Akawasha majani makavu, na moshi ukapanda wima.

"Mbelwa," akasema, "hapa sisemi kwa furaha. Hapa nasema kwa kuona. Hapa ni kwetu."

Akatua mafiga, akapika ugali wa mtama na maboga. Mbelwa akatazama njia upande huu na upande huu, akiomba moyoni apite mtu mwingine.

"Hodi wajenzi!"

Alikuwa ni yeye.

Sikudhani hakuitika haraka. Lakini Mbelwa alilelewa vizuri, na mpitaji wa kwanza ni mpitaji wa kwanza. "Karibu babu," akasema.

Mzee hakuzunguka. Hakutazama chemchemi wala mgongo wa kilima. Alikaa, akala, akakomba. Na alipokuwa anakula, Sikudhani alimwangalia macho. Hayakuwa kwenye ugali. Hayakuwa kwenye nchi. Yalikuwa kwenye tumbo lake, yametulia pale kama nzi.

"Pazuri! Pazuri! Pazuri! Jengeni hapa," mzee akasema, akaondoka.

Basi wakajenga haraka, kwa kuwa mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya. Nyumba ikasimama. Ikakandikwa, ikaezekwa, na Mbelwa akasuka mlango wa fito na kamba, akaufunga kwa ndani kwa kigingi cha mti mgumu. Jioni jua lilipokuwa linazama, walikaa ndani wakinusa udongo mbichi, na Sikudhani alikuwa na furaha isiyo na neno.

Mara wakasikia nje mtu anaimba kwa sauti nzito:

*Mlango wa fito, mlango wa kamba,*
*nilikula chungu, chungu cha kiwanja.*
*Fungua, mlango, mwenyewe napita.*

Kigingi kikachomoka chenyewe. Mlango ukafunguka. Mzee akaingia. Akavua kofia ya ukindu, akavua shuka, na alipogeuka wakaona kisogoni pake mdomo wa pili, mpana, wenye meno kama ya jembe la uma. Hakuwa mzee. Alikuwa zimwi.

Mbelwa akarukia mkuki. Akamchoma zimwi, na mkuki ukapinda kifuani pake, ukalegea, ukaning'inia kama mlenda.

"Weka chini hiyo, kijana, utajikwaa," zimwi akasema, akakaa karibu na moto. "Nimekula chungu cha kiwanja. Tena nimekula mara tatu! Mkuki wa nyumba hii haunichomi, na mlango wa nyumba hii haunizuii. Mimi ni mgeni wenu wa kwanza."

"Unataka nini?" Sikudhani akauliza.

"Wewe sikutaki, una mifupa. Huyu mumeo ananuka jasho. Namtaka huyo wa ndani. Siku atakapolia humu, nitakuwa nimekaa hapa hapa."

"Tutahama."

"Hameni! Mkipika nitakuja kula. Mimi sichagui, popote ni pazuri." Akacheka kwa midomo yote miwili, akaenda zake. "Kesho jioni nitapita tena kumsalimia."

Mbelwa akakirudisha kigingi mlangoni, makaa yakaanza kufifia. Kisha Sikudhani akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema.

"Kesho asubuhi nakwenda kwa mama yako."

Na kweli, kulipopambazuka alishuka njia ile ndefu, mkono mmoja kiunoni, akipumzika kila penye jiwe. Akamkuta Bi Mwanjaa anapeta mtama uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lakini miguu imekuvimba. Nani anamwacha mjamzito atembee hivi?" Akamsogezea kigoda. "Au magoti yangu yamepona, ndiyo maana nimekumbukwa?"

Sikudhani akainamisha kichwa. "Mama, nimekosa. Nilikuacha kwa sababu sikutaka kusikia ila. Nikapata mgeni asiyesema ila."

Akaeleza yote, kilele, mto, bega la kilima, mkuki uliolegea. Bi Mwanjaa aliacha kupeta.

"Ngoja. Mara ya kwanza alisema ila gani?"

"Alisema pazuri."

"Mara ya pili?"

"Pazuri."

"Na mara ya tatu?"

"Pazuri, mama."

Bi Mwanjaa akaupiga ungo kwa kiganja. "Basi huyo hajala! Amedokoa. Anayekula chungu cha kiwanja bila kusema ila ni sawa na paka. Nyinyi vijana mnashika nusu ya jambo. Nyumba isiyoambiwa ila yake haijijui, humfungulia kila anayedai kuwa mwenyewe. Chakula kile bado kinamngoja mgeni wa haki. Akila mgeni wa haki, cha mwizi hakitulii tumboni mwake hata kidogo." Akasimama, magoti yakalia. "Nipe mkono. Na usinipitishe njia ya mawe."

Walipanda polepole. Bi Mwanjaa alilalamikia njia, alilalamikia jua, alilalamikia kanga aliyovaa Sikudhani kwamba haifai kwa safari. Na Sikudhani, kwa mara ya kwanza, alisikiliza kila neno, tena alitamani asinyamaze.

Walifika jua likiwa limeinama. Mawingu yalikuwa meusi nyuma ya kilima. Sikudhani akapanga mafiga mbele ya mlango, akawasha moto, akasonga ugali wa mtama. Bi Mwanjaa hakukaa. Alizunguka nyumba, mkono ukutani. Aliinama, akaokota kokoto, akaitazama, akaitupa. Alitazama mteremko ulio nyuma ya nyumba kwa muda mrefu.

Kabla hajamaliza, wakasikia, "Hodi nyumbani kwangu!"

Zimwi akatokea, safari hii bila shuka wala kofia. Akaona chungu, akachekelea. "Mmenipikia tena? Wajukuu wazuri."

Sikudhani akasimama kati yake na chungu.

"Hujala kwetu bado," akasema. "Hukusema ila."

Mdomo wa kisogoni wa zimwi ukafumba.

"Ila ni kitu gani? Nitasema sasa. Kuna ila... maji! Maji yako mbali."

"Sikiliza," Bi Mwanjaa akasema. Wakasikiliza wote. Chemchemi ilikuwa inatiririka kando ya mawe, *chururu, chururu*. "Umekaa hapa ukala, usisikie maji?"

"Basi upepo! Upepo ni mkali."

"Tazama moshi," Sikudhani akasema. Moshi ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

"Basi udongo! Udongo ni mchanga mtupu, hautashika ukuta."

"Gusa ukuta," Mbelwa akasema. Zimwi akagusa, na vidole vyake vikateleza juu ya kiambaza kigumu kama chungu kilichochomwa.

"Wewe umepita hapa na macho mawili na midomo miwili," Bi Mwanjaa akamwambia, "na kitu ulichokiona ni kimoja tu, kizazi cha watu. Kaa pembeni, watu wapate kula."

Akakaa kwenye kigoda, akanawa mikono. Akamega tonge, akatafuna, akameza.

"Umeiva," akasema. "Una madonge."

Kisha akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Na ila ya mahali hapa ni ile. Tazameni nyasi za mteremko ule zilivyolala, zote zimelala kuja huku. Tazameni kokoto chini ya ukuta. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya kilima yatashuka kwa njia ile na yatagonga ukuta wenu wa nyuma, na mtoto atakuwa amelala upande wa pili. Kiwanja ni kizuri. Lakini chimbeni mfereji, tena leo."

Alipomaliza kusema, mafiga matatu yakazama kidogo ardhini, yakatulia, kama mtu anayejiweka sawa kitini.

Zimwi akarukia mlango uliorudishwa, awahi kuingia. Akaimba kwa sauti kubwa:

*Mlango wa fito, mlango wa kamba,*
*nilikula chungu, chungu cha kiwanja.*
*Fungua, mlango, mwenyewe napita.*

Mlango haukufunguka. Akaimba tena, akiupiga teke. Kamba za mlango zikajikaza, *kriii*. Akaimba mara ya tatu, na katikati ya wimbo sauti ikamkatika. Akashika tumbo.

"Nini hiki?" akasema. "Kinachemka!"

Ugali wa kileleni ulikuwa unachemka. Ugali wa mtoni ulikuwa unachemka. Ugali wa bega la kilima ulikuwa unachemka, vyungu vitatu kwa pamoja ndani ya tumbo moja, *bugubugu, bugubugu*, na mvuke ukamtoka mdomo wa mbele na mdomo wa nyuma.

"Maji!" zimwi akapiga kelele. "Maji yako wapi?"

"Si umesema yako mbali?" Bi Mwanjaa akamjibu.

Zimwi akashuka mteremko mbio, akiangusha vichaka, mpaka mtoni. Akalala kifudifudi akanywa. Akanywa, akavimba. Akanywa, akavimba. Akanywa, akavimba mpaka mto ukamwinua kama gogo, ukamzungusha, ukaondoka naye. Hakurudi. Tumbo lake, husemwa, linachemka mpaka leo huko chini alikokwenda, na ule mvuke unaouona juu ya mto asubuhi, unaouita ukungu, ni wake.

Lakini wale watatu hawakukaa kumtazama. Mbelwa alishika jembe, na Bi Mwanjaa akawa anamwelekeza. "Pinda hapo. Kina zaidi. Baba yako angekuwa amemaliza." Sikudhani alikuwa anavuta udongo kwa mikono, mara akasimama, akashika ukuta.

"Mama."

"Naona," Bi Mwanjaa akasema. "Ingia ndani. Mbelwa, usiache kuchimba."

Matone ya kwanza yakaanguka. Sikudhani alilala ndani akisikia mambo mawili: mkono wa mavyaa wake ukimkanda mgongo, na jembe la mumewe nyuma ya ukuta. Kisha mvua ikaja yote kwa mkupuo. Akasikia maji yanaporomoka kutoka kilimani, yanakuja, yanakuja, yanakuja, akafumba macho. Maji yakafika kwenye mfereji, yakapinda, yakapita pembeni mwa nyumba yakinung'unika, yakaenda zake bondeni.

Ukuta ulikuwa mkavu. Na ndani yake mtoto akalia, na hakuna aliyekuja kumdai.

Kulipokucha Bi Mwanjaa alimchukua mtoto, msichana, akampeleka penye mwanga. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande huu. Mbelwa na Sikudhani wakangoja.

"Mzuri," Bi Mwanjaa akasema. "Lakini pua ni ya Mbelwa. Itabidi avumilie."

Sikudhani akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama, kaa nasi hapa."

"Sikai. Nikikaa nitakuwa wa nyumba hii, nitaanza kuona kila kitu ni sawa. Nitakuwa nakuja na kuondoka, mlango naujua." Akamrudishia mtoto wake. "Na huo ugali wako, mwanangu, punguza moto kabla hujasonga. Nilikuwa nataka kukuambia siku nyingi."

Basi, wanangu, anayesifu mahali bila kupatazama, angalieni macho yake yako wapi. Na anayewaambia kasoro ya nyumba yenu kabla ya mvua, msimwache kijijini kwa kusingizia magoti. Mpeni mkono, mpande naye kilima.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani; na aliyeiona ila, aiseme sasa, kabla sijainuka kitini.